Kabla Hujafungua Pochi, Tazama Ile Taa Nyekundu

Haya ni maneno niliyoyasema mjini Malindi mbele ya madereva wa teksi, wenye magari ya kukodisha na mafundi vijana. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani, na majibu ya maswali machache nimeyaweka mwishoni.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimewahiwa: assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya wizi wa magari. Nitafika huko. Lakini kwanza nataka kuzungumza juu ya gari lililomkataa mwenyewe, kwa sababu hilo ndilo linaloniletea watu asubuhi. Mtu ana ufunguo wake mkononi, logibuku iko nyumbani kabatini, mafuta yamo, na gari halitaki kuwaka. Anapiga simu huku na huku, na sauti ya kwanza inayopokea inamwambia, "Hiyo ni imobilaiza, bosi, kompyuta imejifunga." Hajaliona gari, hajauliza swali hata moja, na tayari ameshataja bei. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba imobilaiza, yaani kile kifaa kinachoizuia injini isiwake mpaka kiutambue ufunguo, ina njia yake ya kusema imekataa, inasema waziwazi, na mwenye gari anaweza kuisoma mwenyewe bila mashine yoyote. Isipokuwa imesema, msimlipe mtu kwa ajili yake.

Nimekuja na ufunguo wa Toyota uliovunjika pete. Naomba upite mkono kwa mkono. Tazameni ule mfereji mwembamba ubavuni. Ukitia ncha ya kisu pale ukakizungusha taratibu, kasha linaachana vipande viwili. Kipande kimoja kimebeba ubao wa rimoti, vile vitufe na betri bapa. Kipande cha pili, ndani ya kishimo chake peke yake, kina kijiti cheusi cha urefu wa milimita 12 hivi na upana wa milimita 6. Mzee, kipindue kidogo, kisidondoke. Hakina waya, hakina betri, hakikuunganishwa na chochote. Hicho ndicho ufunguo wenyewe. Chuma chenye meno kazi yake ni kuzungusha swichi tu, na fundi yeyote wa kuchonga funguo anaweza kukutolea kingine mkiwa mnapiga soga.

Sasa upande wa gari. Pale unapochomeka ufunguo pamezungukwa na pete ya plastiki, na ndani ya pete hiyo kuna waya mwembamba wa shaba uliosokotwa mizunguko mingi. Ukiwasha swichi, pete inatoa mawimbi ya redio, kwenye magari mengi ni ya kilohezi 125 hivi, na hayafiki mbali, ni sentimita chache tu. Chipu, yaani kile kijiti cheusi, inaamshwa na nguvu ya mawimbi hayo hayo, ndiyo maana haihitaji betri. Ikishaamka inajitambulisha. Zile za zamani zilitaja nambari moja, ile ile kila siku. Zilizofuata ni kama bawabu mwenye neno la siri linalobadilika: gari linauliza swali jipya kila mara, chipu inapiga hesabu kwa siri iliyofichwa ndani yake, inarudisha jibu. Jibu likikubaliwa, kompyuta ya injini inaruhusu injekta zimwage mafuta na plagi zitoe cheche. Likikataliwa, unaweza kuzungusha stata mpaka betri iishe. Yote haya yanapita kabla hujamaliza kukunja mkono.

Hapo hapo mtambue jambo moja linalowapotezea watu pesa. Betri ya rimoti ikifa, mlango hautafunguka kwa kitufe, lakini gari la ufunguo wa kuchomeka litawaka kama kawaida. Vitufe na chipu ni majirani wanaokaa nyumba moja, ila hawategemeani. Ami mmoja, nahodha, alikuwa ameliacha gari lake Mokowe, akavuka kwenda Lamu. Siku ya kurudi akaruka kutoka mashuani kabla haijafika gatini, akaingia maji mpaka kifuani na ufunguo mfukoni. Akanipigia akiwa amekata tamaa: vitufe vimekufa, gari limekufa. Nikamwambia afungue mlango kwa meno ya ufunguo, hata king'ora kikilia asishtuke, kisha awashe swichi aniambie taa inafanya nini. Taa ikazimika. Injini ikawaka. Ubao wa rimoti ulikuwa umekwisha kwa chumvi, ila kile kijiti kimezibwa pande zote, maji ya bahari hayakukifanya kitu. Ufunguo ukiingia baharini, uoshe kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, toa betri yake, uuache ukauke kivulini. Msiuweke juani juu ya dashibodi.

Taa niliyomuuliza ndiyo hiyo ya kichwa cha maneno yangu. Kwenye dashibodi ya gari lenye imobilaiza kuna taa ndogo, mara nyingi nyekundu, ina picha ya gari na ufunguo au ya kufuli. Gari likiwa limezimwa na ufunguo uko nje, inapepesa polepole. Hiyo ni zamu ya ulinzi, iacheni. Chomeka ufunguo, zungusha mpaka ON, usiende stata. Hesabu moja, mbili, tatu. Taa ikizimika, ufunguo umekubaliwa. Ikiendelea kupepesa, au ikibaki imewaka, umekataliwa. Basi. Magari yana tabia tofauti kidogo, na kitabu cha gari kitakwambia lako linafanyaje, ila kwa Toyota na Nissan nyingi zinazotembea barabara hizi, hesabu hiyo ya tatu inatosha.

Taa ikizimika na gari halijawaka, tafuteni ugonjwa kwingine. Stata ikitoa "tik, tik" au ikizunguka kwa uvivu, hiyo ni betri au vichwa vyake vimeota ule unga mweupe. Stata ikizunguka kwa nguvu, taa imezimika, na injini haishiki, nenda kwenye fyuzi na pampu ya mafuta. Na hapa Malindi, kabla ya pampu, nenda kwenye katauti, kile kidude cha siri kinachofungwa kukata umeme wa pampu ili mwizi asiondoke na gari. Nitalirudia hilo baadaye kwa sababu nina ugomvi nalo.

Taa ikikataa kuzimika, sasa ndiyo tuizungumze imobilaiza. Na hata hapo, kompyuta ya gari ndiyo ya mwisho kabisa kushukiwa.

Anza na shada la funguo. Wengi wenu mna shada zito: ufunguo wa gari la baba, wa gari la kazi, wa ofisi. Ukichomeka mmoja, wa pili unaning'inia sentimita mbili kutoka kwenye ile pete, na ikiwa nao una chipu, zote mbili zinajibu kwa pamoja na gari halielewi linamsikiliza nani. Toa ufunguo mmoja, uwe peke yake, jaribu tena. Dada mmoja alikuwa ananiambia gari lake linakataa Ijumaa tu. Ijumaa ndiyo siku anayobeba funguo za gari la mumewe.

Kisha pima betri ya gari. Gari likiwa limepumzika, betri nzima ina volti 12.6 hivi. Stata inapozunguka ikianguka chini ya volti 9 au 10, vikompyuta vidogo vinaanza kuzimika na kuwaka katikati ya mazungumzo, na taa inapepesa kana kwamba umechomeka ufunguo wa jirani. Wanaoacha magari miezi ndio wanaopatwa zaidi. Mnawajua: nyumba za wageni huku ufukweni, mwenyewe yuko Italia kipindi chote cha kusi, gari limefunikwa turubai. Gari zima linalolala linaweza kula miliampea 50. Kwa siku hiyo ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 45 inaisha kabisa kwa wiki tano na kidogo. Hapo hatujahesabu traka, kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Mlinzi wa nyumba anapigiwa simu awashe gari, taa inapepesa, anaambiwa ufunguo umeharibika. Ufunguo una kosa gani?

Tatu ni chipu haimo. Hili ndilo limewakaba wengi. Kasha la ufunguo limechakaa, mpira wa vitufe umetoboka, unanunua kasha jipya, kijana wa mezani anahamisha ubao wa rimoti na ule ulimi wa chuma, anaubana vizuri, unang'aa. Kile kijiti cheusi kimebaki kwenye kasha kuukuu. Mama mmoja mwenye duka upande wa Watamu alifanyiwa hivyo. Vitufe vilifungua milango, ufunguo ulizunguka, injini kimya. Alikokwenda mwanzo akaambiwa kompyuta ya injini imeungua, atafute nyingine kutoka Mombasa. Alipokuja kwangu nilimuuliza swali moja: kasha la zamani liko wapi? Likapatikana kwenye ndoo ya taka ya dukani, chini ya maganda ya maembe. Nilikitoa kijiti, nikakipangusa, nikakishika kwa vidole kando ya pete ya swichi huku yeye akizungusha ufunguo wake mpya. Taa ikazimika, gari likanguruma. Mama yule hakucheka. Alikuwa ameshatuma malipo ya kwanza ya kompyuta.

Nne, pete yenyewe na waya zake. Sisi tunaishi kwenye upepo wa chumvi. Kiunganishi cha waya nyuma ya swichi kikishafunguliwa mara moja na fundi wa redio kisirudishwe sawasawa, baada ya mwaka kina ukungu wa kijani. Waya wa athi uliofungwa kwenye bodi nao unaliwa taratibu. Kwa gari lililowahi kuingia maji, na tangu mvua za mwisho wa 2023, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilipokatika, nimeona mengi, kagua mazulia ya mbele kwanza. Kwenye magari mengi nyaya zinapita chini yake, na unyevu unakaa humo muda mrefu baada ya mwenye gari kusahau mafuriko.

Ukishapita hapo ndipo unachomeka mashine inayosoma misimbo ya hitilafu za gari. Mafundi vijana, hii ni yenu, wengine mnaweza kunywa maji. Kwenye Toyota, B2795 inasema ufunguo huu haujasajiliwa. B2796 inasema hakuna mawasiliano na chipu, kwa hiyo fikiria chipu haimo au pete imekatika. B2799 ni kutoelewana kati ya imobilaiza na kompyuta ya injini, na mara nyingi utaikuta pale ambapo mtu amebadilisha kompyuta moja akaacha nyingine. Kwenye baadhi ya Toyota zenye kisanduku cha imobilaiza cha peke yake, hizo mbili zinapatanishwa kwa kuunganisha pini ya 4 na ya 13 za soketi ya OBD, pale mashine inapochomekwa, swichi ikiwa ON, ukaliacha gari dakika 30 bila kulishika. Hesabu pini zako mara mbili. Ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na kipande cha waya kikigusa hapo, kazi uliyokuja kuifanya itabadilika.

Kwenye Nissan mtakutana na P1610. Hiyo ni kufuli ya muda: mtu amejaribu mara tano au zaidi kwa ufunguo usiotambulika, gari limekasirika. Hapo hata ufunguo halali hautakubaliwa mpaka kufuli ifunguliwe. Chukua ufunguo halali, weka ON sekunde 5, zima sekunde 5, rudia mara mbili, kisha washa. Wapo wanaotoza pesa ya kuprogramu kwa kazi hiyo. Mimi naita hiyo pesa ya kuangalia saa.

Sasa kuprogramu. Neno hili limekuwa kama dawa ya mitishamba, kila mtu anauza. Kuna kazi mbili tofauti zinazouzwa kwa jina hilo. Ya kwanza ni kunakili: chipu mpya inafundishwa kusema sawasawa na ya zamani, na gari halijui kama wako wawili. Ya pili ni kusajili: chipu mpya ina utambulisho wake wenyewe, na gari linaandikiwa kumbukumbuni kwamba huyu naye ni wa nyumbani. Mimi ninapendelea kusajili, kila inapowezekana, kwa sababu funguo zilizonakiliwa huwezi kuzitenganisha. Mmoja ukiibwa, ukiufuta, umefuta zote.

Na hapa ndipo bei inapobadilika. Ukija na ufunguo mmoja unaofanya kazi na ukataka wa pili, kwenye magari mengi ni kazi fupi. Kuna Toyota za ufunguo wa kuchomeka ambazo ufunguo mkuu, mara nyingi wenye kichwa cheusi, ndio unaotoa ruhusa ya kuongeza mwingine, na ule wa kijivu wa kumwachia mwegesha magari hauna mamlaka hayo. Baadhi ya Ford zinataka funguo mbili halali ndipo zikubali wa tatu. Ukija mikono mitupu, funguo zote zimepotea, mambo ni mengine. Nissan zinataka nambari ya siri ya gari, na usajili unaanza kwa kufuta funguo zote, kwa hiyo ule uliouacha nyumbani nao utakuwa umefutwa. Baadhi ya Toyota zinaisubirisha mashine dakika 16 kwa makusudi, ili mwizi achoke. Nyingine zinalazimisha kisanduku kitolewe chini ya dashibodi, kifunguliwe, na kumbukumbu isomwe kwa kifaa kinachogusa miguu ya chipu moja kwa moja. Na wakati wote huo gari linasubiri mahali ulipoliacha, na kama umeliacha Mokowe au njiani Witu, fundi anakufuata huko kwa gharama yako.

Kwa hivyo, mwenye ufunguo mmoja, atengeneze wa pili wiki hii, huo wa kwanza ukiwa mzima. Sina njia ya upole ya kulisema.

Mkiagiza rimoti kutoka nje, angalieni masafa. Magari yaliyotoka Japani yanasikiliza karibu na megahezi 315. Yaliyotoka Uingereza na Ulaya yanasikiliza megahezi 433.92. Kasha ni lile lile, vitufe ni vile vile, picha ya dukani haitofautishi. Utajikuta una ufunguo unaowasha injini lakini haufungui mlango. Na msinunue ufunguo janja wa Toyota, ule wa gari linalowashwa kwa kitufe, uliotumika kwenye gari jingine bila kuuliza kama umefunguliwa, kwa sababu ukishasajiliwa unajifunga na gari lake la kwanza.

Fundi, kabla hujaanza kuandika chochote kwenye kumbukumbu ya gari, funga chaja kwenye betri. Umeme ukianguka katikati ya kuandika, unaweza kuacha nusu ya habari mle ndani, na hapo ndipo kweli utaihitaji kompyuta ya kutoka Mombasa.

Nimeahidi wizi. Kifaa hiki cha imobilaiza hakikuwekwa kwa urembo. Kule Ulaya, tangu Oktoba 1998, kila gari jipya la abiria linalouzwa sharti liwe nacho. Australia wakafuata Julai 2001, Kanada Septemba 2007. Marekani hawakuweka sharti hilo, na wamelipa. Kati ya modeli za mwaka 2015 kule, imobilaiza ilikuwa ya kawaida kwenye asilimia 96 ya modeli za makampuni mengine, lakini asilimia 26 tu za Hyundai na Kia. Vijana wakajifunza kwenye video fupi za simu namna ya kuziwasha, na ilipofika 2022 magari hayo yalikuwa yanaondoka usiku miji mizima. Gari lile lile, kampuni ile ile, likiwa na kijiti cheusi cha milimita 12, halikuwa na shida hiyo.

Haimaanishi haivunjiki. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na maabara ya RSA walivunja siri ya chipu moja iliyotumika sana, kwa sababu ufunguo wake wa hesabu ulikuwa wa biti 40 tu, yaani siri fupi mno. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Leuven na Birmingham walionyesha kwamba kizazi kilichofuata, cha biti 80, baadhi ya watengenezaji waliokuwemo Toyota, Hyundai na Kia walikiwekea siri dhaifu kiasi kwamba biti hizo 80 hazikuwa na maana. Na magari ya kitufe, yanayowashwa bila kuchomeka ufunguo, yana udhaifu wao: mawimbi ya ufunguo ulio chumbani yanaweza kubebwa na vifaa viwili mpaka mlangoni mwa gari. Mwaka 2022 huko London Toyota RAV4 iliibwa kwa kupitia nyaya za taa ya mbele, wala haikuguswa swichi. Mwizi aliongea na gari kwa lugha ya ndani, akapita nyuma ya ulinzi wote.

Nasema haya ili mjue pia lililo kinyume: usidhani kila gari lililoteremshwa bandarini Kilindini lina imobilaiza. Sheria yetu inaruhusu magari yasiyozidi miaka minane, mengi kutoka Japani, na yapo magari ya kazi ya soko la kule yaliyouzwa bila kifaa hiki. Kama dashibodi yako haina taa inayopepesa, na ufunguo wa chuma mtupu uliochongwa sokoni unawasha injini, basi gari lako halina bawabu. Kwako wewe katauti ina maana.

Ila ninyi mnafunga katauti kwenye magari ambayo tayari yana imobilaiza, na mnazifunga vibaya. Ndio ugomvi wangu. Waya wa pampu ya mafuta unakatwa, unasokotwa kwa vidole na rilei ya bei ya chini, unazungushiwa selotepu, unasukumwa chini ya usukani. Joto la huku linalainisha gundi, chumvi inamaliza shaba. Traka nyingi nazo zinafungwa na rilei ya kuzima gari kwa simu, hivyo hivyo. Siku moja uko Kakuyuni na abiria, gari linazima. Stata inazunguka, taa nyekundu imezimika vizuri, na kila fundi anaanza na neno imobilaiza. Ukifunga katauti, iungwe kwa risasi, ifunikwe mpira wa kubana, rilei iwe ya ampea zinazotosha pampu, na mchoro wa mahali ilipo ukae nyumbani. Usiuache ndani ya gari, na usimwachie dereva wa siku moja.

Jambo la mwisho kwa wanunuzi wa magari yaliyotumika, na hili ningependa mlitangaze hata msikitini. Kwenye magari mengi mashine inaweza kusoma ni funguo ngapi zimesajiliwa. Umepewa ufunguo mmoja, mashine inasema tatu. Hizo nyingine mbili ziko kwa nani? Pengine kwa mtu mwema aliyesahau. Funguo zisizo mkononi mwako zifutwe siku hiyo hiyo, kabla hujaenda hata kubadilisha oili. Na nyinyi mafundi, mtu akija kutaka ufunguo, tazama logibuku, tazama kitambulisho, linganisha nambari ya chasisi na ile iliyo kwenye bodi. Akisema ufunguo umeibwa, awe na nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Mteja atanuna. Mwache anune.

Maswali yalikuwa mengi, nataja matatu.

Mzee mmoja wa teksi aliuliza: gari la kitufe, betri ya ufunguo imeisha, niko njiani usiku, nifanyeje? Ndani ya ufunguo wa kitufe kuna ulimi mdogo wa chuma, huo utafungua mlango. Kisha kanyaga breki, gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo ukitazama kitufe kwa Toyota. Gari litalia mlio mfupi, bonyeza kitufe, litawaka. Humo pia mna chipu isiyohitaji betri, kwa siku kama hiyo. Kesho yake nunua betri mpya ya volti 3. Aina yake, kama CR2032 au CR1632, imeandikwa juu ya ile kuukuu.

Dada mmoja anayeacha gari Mokowe akienda Lamu kwa wiki kadhaa aliuliza kama akichomoa betri gari litasahau funguo zake. Halitasahau. Usajili wa funguo umeandikwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, hata betri ikikaa nje mwaka mzima. Saa na redio ndizo zitakazorudi mwanzo. Chomoa kichwa hasi, kifunge kitambaa, uende zako. Kumbuka tu kwamba traka nayo italala ikishamaliza betri yake ya ndani.

Kijana mmoja wa gereji aliuliza anunue mashine gani ya kuprogramu. Nilimjibu aanze na mita ya kupima umeme na kidude cha kujaribia chipu, kile kinachowaka chipu ikiwa hai, ajifunze kuvitumia kwenye magari ya mtaani kwake. Mashine atakuja kununua kwangu ile yangu ya zamani nikipata nyingine, na bei tutapatana.

Aliye na ufunguo mmoja, mashine iko nje chini ya mwarobaini mpaka adhuhuri. Aje na gari, funguo zote alizonazo, logibuku na kitambulisho. Asiye na logibuku nitamsomea idadi ya funguo bure. Kuongezewa mwingine, mpaka alete karatasi.